Kila Atomu na Mikono Yake: Elektroni za Nje na Hesabu ya Vifungo



Mwaka jana, tulipokuwa kapita wa bweni la wadogo, jioni moja saa ya kujifunza mdogo wetu mmoja alisimama mbele ya meza yetu na daftari mkononi. Aliuliza: “Yaya kapita, juu ya nini maji iko H2O? Juu ya nini haiko H3O ao HO?”

Sisi tulikuwa na kazi yetu ya kesho yake, tukamjibu bila kuinua kichwa: “Andika tu vile. Ndivyo iko katika kitabu.” Akarudi mahali pake, akaandika. Lakini ukweli ni huu: hata sisi hatukujua jibu. Tulikuwa tumeshika kanuni nyingi za kemia kichwani kama kasuku, na katika jaribio moja tulikwisha kuandika CH5 bila kuona haya.

Basi makala haya ni deni. Tunalilipa kwa yule mdogo wetu, na kwa kila mmoja anayeandika “tu vile”. Mwishoni tutaeleza tena juu ya nini deni hili lilitulemea sana. Chukueni kalamu na karatasi, maana mambo haya hayasomwi kwa macho peke yake.

1. ELEKTRONI ZINAZOKAA NJE

Kila kitu tunachogusa, maji ya Luvua, mawe ya Manono, makala ya mbabula, hata mwili wetu, ni atomu zilizoungana. Katikati ya atomu kuna kiini, na kandokando ya kiini kuna elektroni. Elektroni hazikai ovyo. Zinakaa katika maganda, ganda moja nje ya lingine. Ganda la kwanza linatosha elektroni 2 tu. La pili linatosha 8. Kwa atomu ndogo tunazosoma kila siku, hata ganda la tatu tunalihesabu kuwa limetulia likiwa na 8.

Mgeni akifika nyumbani, hakutani kwanza na wale waliolala chumbani. Anakutana na wale wanaokaa barazani. Atomu ni vilevile. Zikikaribiana, zinazokutana ni elektroni za ganda la nje. Wanakemia wanaziita elektroni za valensi. Andikeni hizi katika daftari:

Hidrojeni (H): elektroni 1, za nje ni 1.
Kaboni (C): 2 na 4, za nje ni 4.
Azoti (N): 2 na 5, za nje ni 5.
Oksijeni (O): 2 na 6, za nje ni 6.
Sodiumu (Na): 2, 8 na 1, za nje ni 1.
Klorini (Cl): 2, 8 na 7, za nje ni 7.

Sasa angalieni neoni, iliyo na 2 na 8, na agoni, iliyo na 2, 8 na 8. Hizi ganda lao la nje limejaa, na kweli haziungani na wengine. Hapo ndipo penye siri yote. Atomu ambayo ganda lake la nje halijajaa inaungana na wengine mpaka litulie. Kwa hidrojeni kutulia ni kufikia 2. Kwa nyingine nyingi ni kufikia 8.

Wenye elimu hawakuijua sababu hii siku moja. Edward Frankland, Mwingereza, aliona mwaka 1852 kwamba atomu za kila aina zina kipimo chao cha kuungana. Yaani walianza kuhesabu mikono ya atomu mbele ya kujua mikono hiyo ni nini. Elektroni yenyewe ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Nyuma yake, mwaka 1916, Gilbert Lewis wa Berkeley kule Marekani alieleza kwamba kifungo kati ya atomu mbili ni jozi ya elektroni ambayo zinaishika pamoja. Tangu Frankland mpaka Lewis ni miaka 64. Wale nao walikuwa na kanuni bila sababu, lakini hawakuacha kuuliza.

2. KUSHIRIKIANA

Kuna njia mbili za kujaza ganda la nje. Ya kwanza ni kushirikiana. Atomu moja inaleta elektroni moja, mwenzake analeta moja, na jozi ile inahesabiwa kwa wote wawili. Jozi moja ni kifungo kimoja. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: toa elektroni za nje katika 8, na jibu ni idadi ya vifungo. Kwa hidrojeni peke yake toa katika 2.

Oksijeni: 8 kutoa 6, vifungo 2.
Azoti: 8 kutoa 5, vifungo 3.
Kaboni: 8 kutoa 4, vifungo 4.
Klorini: 8 kutoa 7, kifungo 1.
Hidrojeni: 2 kutoa 1, kifungo 1.

Basi, mdogo wetu, jibu lako ni hili. Oksijeni inakosa elektroni 2, kwa hiyo inanyosha mikono miwili. Hidrojeni ina mkono mmoja tu. Zinahitajika hidrojeni mbili kwa oksijeni moja: H2O. Ukiandika HO, oksijeni ingali na mkono mmoja mtupu, na kitu cha namna hiyo hakikai. Kinamrukia wa kwanza kinayemkuta. Ukiandika H3O, hidrojeni ya tatu inakuta mikono yote miwili imekwisha kushikwa.

Wenzetu wa darasa la mwisho watasema: “Na ile H3O+ ya katika asidi?” Ni kweli, iko. Lakini hidrojeni ile ya tatu imekuja mikono mitupu, bila elektroni hata moja, na oksijeni imeitolea jozi nzima kutoka katika jozi zake mbili zisizotumika. Wekeni neno hili moyoni: jozi isiyotumika inaweza kumshika mwingine. Tutalirudia.

Kwa njia hiyo hiyo azoti yenye mikono mitatu inafanya NH3, na kaboni yenye mikono minne inafanya CH4. Hiyo CH4 ni metani, hewa inayopanda kwa mapovu tukichokoza matope ya kinamasi kwa fimbo. CH5 haiwezekani. Kaboni ina elektroni 4 za nje, inakosa 4. Huyo wa tano atashika wapi?

Mikono miwili inaweza pia kumshika mtu mmoja. Katika oksijeni tunayovuta, O2, kila atomu inamshika mwenzake kwa mikono miwili. Katika CO2, kaboni ina mikono miwili kwa oksijeni ya kuume na miwili kwa ile ya kushoto. Hesabu ya kaboni ni 4, ya kila oksijeni ni 2, hakuna mkono mtupu. Katika azoti ya hewa, N2, wanashikana kwa mikono mitatu, na kifungo hicho ni kigumu sana kukifungua. Ndiyo sababu mimea yetu inakosa chakula cha azoti hata kama karibu sehemu 78 kwa 100 za hewa ni azoti. Karanga na maharagi zinafaulu juu ya vijidudu vidogo vinavyokaa katika mizizi yao na kukifungua kifungo hicho.

3. KUTOA NA KUPOKEA

Njia ya pili ni ya metali. Sodiumu ina elektroni 1 ya nje. Kutafuta 7 ni kazi kubwa. Kutoa ile 1 ni rahisi, na ganda la 8 lililo chini yake linabaki wazi. Klorini inakosa 1 tu. Sodiumu inatoa, klorini inapokea, na ndiyo chumvi ya mezani, NaCl. Metali ya namna hii tunauliza: inatoa ngapi? Mwenzake tunauliza: anapokea ngapi? Hesabu ya kutoa na ya kupokea lazima zilingane, kama mizani sokoni.

Sasa twende kwa mawe ya kwetu. Manono inajulikana kwa kasiterite, lile jiwe jeusi ao la kahawia ambalo ni zito mkononi kuliko lilivyo kwa macho. Ndani yake mna bati, Sn. Tusichanganye na mabati ya kuezeka. Hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lina elektroni 50, zimepangwa 2, 8, 18, 18 na 4. Msiogope wingi huo. Angalieni barazani tu: za nje ni 4. Bati linatoa 4, kila oksijeni inapokea 2, kwa hiyo oksijeni mbili zinatosha. Kasiterite ni SnO2.

Ili kupata bati lenyewe, lazima oksijeni ipate mwenzi mwingine. Mwenzi huyo ni kaboni ya makala. Katika moto mkali kaboni inamnyang'anya bati oksijeni zake:

SnO2 + 2C → Sn + 2CO

Ikumbukeni hewa ile ya mwisho, CO. Kampuni ya Géomines iliyochimba Manono wakati wa ukoloni ilipata umeme wake kwenye maporomoko ya Piana Mwanga, juu ya mto huu huu wetu wa Luvua. Kwa hiyo maji yetu na mawe yao yalifanya kazi pamoja zamani.

Manono kuna jiwe lingine ambalo siku hizi dunia nzima inalitaja: spodumeni, lenye litiumu. Kanuni yake inatisha wengi: LiAlSi2O6. Lakini hatuna haja ya kuishika kama kasuku. Tuhesabu. Litiumu (2 na 1) inatoa 1. Alumini (2, 8 na 3) inatoa 3. Silisiumu (2, 8 na 4) ni 4, na ziko mbili, kwa hiyo 8. Jumla: 1 na 3 na 8 ni 12. Oksijeni sita, kila moja inapokea 2, ni 12. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kwa kweli silisiumu inashirikiana na oksijeni zaidi ya kutoa, lakini mizani inabaki ile ile. Na ile elektroni moja ya litiumu, inayoondoka kwa urahisi, pamoja na wepesi wa litiumu yenyewe, ndiyo inaifanya ifae kwa betri za simu.

4. PALE HESABU INAPOTAKA UANGALIFU

Tusiwadanganye kwamba sheria ya 8 inatosha mahali pote. Chuma kinatoa mara 2, mara 3. Kutu nyekundu ni Fe2O3, yaani 3 mara mbili kwa 2 mara tatu. Bati nalo mara nyingine linatoa 2 peke yake, kisha oksidi yake ni SnO. Fosforo inaweza kufanya vifungo 5, na salfa 6. Mwalimu akitoa zoezi la hawa, atatuonyesha njia.

Lakini kuna mmoja tunataka kumsimamia sana, ile CO. Kaboni tumesema ina mikono minne, oksijeni miwili. Inakuwaje moja kwa moja?

Hesabuni elektroni za nje. Kaboni inaleta 4, oksijeni inaleta 6, jumla 10, yaani jozi 5. Jozi 3 zinakaa katikati, ni vifungo vitatu. Jozi 1 inabaki kwa oksijeni, na jozi 1 inabaki kwa kaboni. Kila mmoja akihesabu, anapata 8. Kwa hiyo wote wawili wametulia. Lakini kaboni haikutumia mikono yote minne kama kawaida yake. Imebaki na jozi isiyotumika, inayoelekea nje. Na tulisema nini juu ya jozi isiyotumika? Inaweza kumshika mwingine.

Nani atashikwa? Katika damu yetu kuna himoglobini, na ndani yake chuma, ambacho kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafu na kuipeleka mwilini mote. Jozi ile ya CO inakishika chuma hicho, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anavuta hewa, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu yake haina tena nafasi ya kuchukua oksijeni. CO haina rangi, haina harufu.

5. USIKU WA MBABULA

Sasa tueleze juu ya nini deni lilitulemea.

Ilikuwa mwezi wa sita, siku za baridi, majuma machache nyuma ya lile jibu letu la “andika tu vile”. Wadogo walileta mbabula bwenini, baada ya wapishi kumaliza kazi. Sheria ya bweni tuliijua, tulikuwa tumeisoma sisi wenyewe mbele ya wote: mbabula isiingie ndani. Wakatusihi: “Yaya, acha tu, hii baridi inatuua. Angalia, moshi imekwisha.” Tuliangalia. Ni kweli, makala yalikuwa mekundu vizuri, bila moshi hata kidogo. Tukasema haizuru. Tukafunga madirisha ili joto lisitoke.

Usiku katikati mmoja aliamka kwenda nje, akaanguka mlangoni. Kishindo chake kilituamsha. Kichwa chetu kilikuwa kizito kama jiwe la kasiterite, miguu haikutii. Wengine walikuwa wanatapika, na yule aliyetuuliza juu ya H2O alikuwa mmoja wao. Wawili hawakuamka tulipowaita. Tulifungua mlango na madirisha, tukawakokota wote mpaka uwanjani, tukapiga makelele. Mwuguzi alikuja. Kwa rehema ya Mungu, mpaka asubuhi wote walikuwa wamefungua macho.

Asubuhi wengine walisema ni maharagi ya jioni. Wengine walisema maneno mengine ambayo hatutaki kuyaandika hapa, na jina la mtu asiye na kosa lilianza kutajwa. Mwalimu wa kemia aliingia darasani, akaandika herufi mbili ubaoni, C na O, akaweka vitone vya elektroni pembeni yao, akasema: “Hesabuni.” Katika darasa zima hakuna aliyefika mwisho, na sisi kapita tulikuwa wa kwanza kushindwa. Alipomaliza kutuonyesha, jina la yule mtu halikutajwa tena.

Mambo yalikuwa hivi. Makala yakipata hewa tele, kila kaboni inapata oksijeni mbili: C + O2 → CO2. Katika chumba kilichofungwa oksijeni inapungua, na kaboni nyingi zinapata moja moja tu: 2C + O2 → 2CO. Tena CO2 yenyewe ikipita juu ya makala ya moto inageuka: CO2 + C → 2CO. Moshi haumo katika hesabu hizi. Kwa hiyo makala mekundu yasiyo na moshi si salama hata kidogo kwa mtu aliyefunga dirisha.

Tulikuwa na sheria, lakini hatukuwa na sababu yake. Sheria ambayo sababu yake haijulikani, baridi ya usiku mmoja inatosha kuivunja. Kama tungalijua kuhesabu jozi 5 za CO, tungaliwakatalia wadogo zetu, na tungalikuwa na neno la kuwaeleza.

Basi tunawaomba wote, hapa shuleni na nyumbani kwenu wakati wa likizo: mbabula ibaki nje. Mkikuta mtu analalamika kichwa, analegea ao anatapika karibu na moto wa makala ndani ya nyumba, msimwambie alale kidogo. Mtoeni nje upesi kwenye hewa safi, fungueni milango, kisha mpelekeni kwa wauguzi.

6. MAZOEZI

Fanyeni haya bila kufungua kitabu. Kila mara semeni kwanza: za nje ni ngapi?

a) Kaboni na klorini zikiungana, kaboni moja inachukua klorini ngapi?
b) Kalsiumu (2, 8, 8 na 2) na oksijeni: andika kanuni.
c) Alumini na oksijeni: kanuni ni AlO, AlO2 ao Al2O3? Eleza kwa mizani ya kutoa na kupokea.
d) Kaboni mbili zikishikana kwa mkono mmoja, zinabaki na nafasi ngapi za hidrojeni kwa jumla? Na zikishikana kwa mikono miwili?

Majibu: a) 4, yaani CCl4. b) CaO. c) Al2O3, 3 mara mbili ni 6, na 2 mara tatu ni 6. d) 6, kisha 4, yaani C2H6 na C2H4.

Aliyekosa asione haya, arudie sehemu ya 2 na ya 3. Aliyefaulu amsaidie jirani yake, maana Mtihani wa Serikali hauko mbali kwa sisi wa mwisho, na kwa ninyi wadogo utafika tu.

Na mtu akija mezani petu jioni na swali, aje. Kama tunajua tutamweleza. Kama hatujui tutaketi pamoja naye na kuhesabu.

Kapita wenu, darasa la mwisho, Kiambi.